Iache Ipoe

Mama,

Baba anasema barua ya Kiswahili huanza kwa kumjulia hali yule unayemwandikia. Nimemwambia sehemu hiyo tuiruke. Amekaa ng'ambo ya meza na kalamu nyekundu, anasubiri nimalize kila ukurasa aukague, utadhani bado yuko darasani Mbeya na mimi ni mtoto wa la tano. Kwa hiyo ukiona sarufi yangu imenyooka usidhani nimebadilika ghafla. Nusu ni yake.

Nakuandikia kwa sababu nina habari ya ile nyama yako, na nikimweleza mtu mwingine ataniangalia tu na kusema, aa, nyama. Nimeipata, Mama. Imenichukua miezi miwili, na kosa lenyewe lilikuwa neno moja ulilolitumia wewe nikalisoma vibaya mimi. Lakini nianze mwanzo, maana nikianzia mwisho utasema nasimulia kama mtu anayekimbizwa na mbwa.

Leo ni miezi minne tangu tukuzike. Baba analala bado upande wake wa kitanda, upande wako hata shuka haligusi. Mama Furaha wa chumba cha mbele ndiye anayefagia veranda siku hizi, na hajaombwa na mtu, amejitwalia tu ile zamu yako. Aproni yako nimeichukua mimi. Lile boksi lako lenye mfuniko mwekundu, ulilokuwa ukiwekea nyama ya nguruwe ili isiguse chakula cha Bwana Shabani wa Tanga kwenye friji ya nyumba nzima, lipo pale pale rafu ya chini. Hakuna aliyethubutu kulihamishia rafu nyingine, na Bwana Shabani mwenyewe ananiambia niliache hapo hapo alipolizoea.

Wiki ya tatu baada ya mazishi, Bibi Sachiko alinipigia simu. Nilishtuka. Miaka kumi na minne ulikuwa ukitoka hapa Bellevue kwenda kumpikia kule kaskazini mwa jiji, unarudi vidole vinanukia tangawizi, na sisi tulimjua kwa hadithi zako tu. Mimi nilikuwa nimemwona mara mbili maishani, na ya pili ilikuwa makaburini, amesimama nyuma ya watu wote na mwavuli uliofungwa. Aliniambia kwamba nyumba inauzwa, kijana wake anamchukua kwenda kuishi naye Japani, ataondoka baada ya miezi miwili. Nikamuuliza, kwa adabu tu, atakumbuka nini cha Johannesburg. Hakufikiri hata kidogo. Akasema, nyama ya baridi ya mama yako.

Nikamwambia, lakini si chakula cha kwenu hicho? Akasema ndiyo, mama yake mwenyewe alikuwa akiipika kila kiangazi, na haikuwa kama yako.

Basi mdomo wangu ukatangulia kichwa, kama kawaida. Nikamwambia aje ale kwetu kabla hajasafiri, nitampikia mimi. Nilipokata simu ndipo nikakumbuka kwamba sijawahi kuipika.

Nilikaa kitandani nikapiga hesabu ya wanaoijua nyama yako ilivyokuwa mdomoni. Baba hajawahi kuila. Mimi nimeila mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa nachezea simu, leo ukiniuliza ladha yake nitakwambia ilikuwa nzuri, basi. Anayeijua ni Bibi Sachiko peke yake. Akishapanda ndege, nitapika mpaka nizeeke na hakutakuwa na mtu duniani wa kuniambia nimepata au nimekosa. Nikaona nina miezi miwili na ulimi mmoja, na sikukusudia kuupoteza huo nao.

Unakumbuka siku ya kwanza ulipotupikia hapa nyumbani? Ilikuwa Januari, joto la kufungua milango yote, na ulituwekea sahani ya nyama nyembamba juu ya matango na majani ya saladi. Baba akaiangalia akasema, "Kitimoto baridi? Hata jina lenyewe linakataa." Mtu wa Mbeya ukimwambia kitimoto anajua nguruwe katoka kwenye karai, anachuruzika mafuta, na ndizi za kukaanga na kachumbari pembeni. Akaisukuma sahani kwa kidole kimoja akasema hicho ni kiporo, na kwao mgeni hapewi kiporo sembuse mwenye nyumba. Ulicheka mpaka ukashika friji. Nimekuwa nikikitafuta kicheko hicho kwenye zile sauti ulizokuwa ukinitumia kwenye simu, nimezisikiliza zote. Kwenye zote unaniuliza tu kama nimekula.

Maelezo ya upishi niliyakuta nyuma ya kalenda ya kanisa, ndani ya mlango wa kabati la unga. Umeandika kwa penseli, mistari mifupi, kama mtu anayejikumbusha mwenyewe. Nyama ya mgongo yenye mafuta kidogo. Igandishe nusu, ikate nyembamba kama ganda la kitunguu. Maji yasichemke, yatoe mvuke tu. Tangawizi, majani ya kitunguu. Tia moja moja, ikigeuka rangi toa. Iache ipoe. Ufuta.

Karatasi hiyo sikumwonyesha mtu. Nasema kweli, hata Baba. Niliitia mfukoni mwa aproni nikaona ni yangu peke yangu, uchoyo mtupu, na utaona ulivyonigharimu.

Mara ya kwanza niliiharibu kwa woga. Wewe mwenyewe ulinilea na habari za minyoo ya nguruwe, kwamba nyama hii ni ya kupikwa mpaka isalimu amri, halafu unaniandikia eti maji yasichemke. Mkono ulikataa. Nilichemsha kwelikweli, ikatoka mpira. Mara ya pili vipande vilikuwa vinene kama kandambili. Nikaenda kwa muuza nyama wa kona nikamwomba anikatie kwa mashine, akaniita sisi, yaani dada kwa lugha ya hapa, akasema, "Eish, sisi, hii ni nyama, si polony," ile soseji yao ya kukatwa vipande vyembamba. Kwa hiyo nikarudi kwenye kisu chako. Nilijifunza kuitoa kwenye friza ikiwa imekazana tu lakini haijawa jiwe, na kuvuta kisu bila kukisukuma. Nilijikata mara mbili. Wiki ya tano vipande vilianza kupitisha mwanga.

Maji nayo nikayaelewa. Niliinamia sufuria mpaka nikajua ile hali kabla ya kuchemka, vipovu vidogo vinashika chini ya sufuria na havijaamua kupanda. Unatumbukiza kipande, kinatoka waridi kinakuwa cheupe unapohesabu mpaka kumi, hata hufiki. Ukingoja ujiridhishe, umechelewa.

Kila kitu kikawa sawa, na nyama ikawa mbaya. Mafuta yalikuwa yananigandia kwenye fizi kama mshumaa, na nyama yenyewe kavu, inabishana na meno. Nikasema haijapata baridi ya kutosha, si ndiyo nyama ya baridi? Umeandika ipoe. Nikaiacha friji usiku kucha, haikusaidia. Nikaitia kwenye maji ya barafu mara tu inapotoka sufuriani, ikawa mbaya zaidi. Nikaongeza barafu. Wewe ulisema siku zote kwamba mimi nikikosea njia naongeza mwendo.

Nilimwomba Baba aonje, walau aniambie imezidi nini. Kila mara alijibu kwamba yeye na chakula baridi hawajatambulishwa. Nilikasirika naye sana, Mama. Nilimwambia kwamba uliishi na ile nyama miaka kumi na minne na yeye hakukubali hata kuonja, ili ufurahi. Alichukua redio akaenda kukaa uani, na mimi nikabaki jikoni nakata vitunguu ambavyo havikuhitajika.

Jumamosi ya Bibi Sachiko ikafika nikiwa sijapata. Ndege yake ilikuwa Jumanne. Niliamua kwamba nitapika hivyo hivyo, nifuate karatasi kama ilivyo, naye aniambie kilichopungua. Saa moja asubuhi nilikuwa nimekata nusu ya kipande, nusu nyingine nikairudisha friza. Nikapika, nikatia kwenye barafu, nikapanga ndani ya boksi lako, nikalisukuma nyuma kabisa ya friji panapogandisha. Saa sita kasorobo dereva wake akapiga simu kwamba haoni namba ya geti letu. Nikatoka kwenda kuwangoja kwenye robot ya juu, yaani taa za barabarani, na kwa sababu walikuwa wamepita mtaa mzima, nilichukua kama nusu saa kurudi nao.

Harufu ilitupokea getini. Kitunguu, nyanya, pilipili, na mafuta yanayolia kwenye kikaango.

Mama Furaha alikuwa amesimama kwenye jiko na mwiko mkononi, amevaa kitenge chake cha kanisani, uso umejaa furaha ya mtu aliyeokoa jahazi. Boksi lenye mfuniko mwekundu lilikuwa wazi kwenye sinki, tupu. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha Bukavu, ambamo ndiyo yetu huwa njo, "Nilikuta nyama iko baridi mu frigo, njo nikaitia ku moto. Mugeni wa mbali vile utamupa nyama ya baridi, atasema nini juu ya mama yako?"

Sitakuficha nilichosema. Nilimuuliza nani alimruhusu kushika kikaango cha mama yangu. Nililisema kwa sauti, mbele ya Bibi Sachiko na fimbo yake, na mbele ya dereva. Mama Furaha akaushusha mwiko polepole. Akasema, "Tumaini, mi sijue kufanya kitu ingine. Alikuwa mutu yangu." Na mimi sikuomba radhi, nilimpita tu nikafungua friza. Nilikuwa na nusu kipande, na Bibi Sachiko alikuwa na saa mbili, basi.

Baba ndiye aliyeokoa nyumba. Alimkaribisha Bibi veranda akamwekea kiti chako, akamtengenezea chai ya maziwa, na hao wawili wakaanza kuongea Kiingereza chao cha taratibu kuhusu magonjwa ya magoti. Mimi nikakata. Hasira ilikuwa bado imenijaa lakini kisu kilikwenda, na sijawahi kukata nyembamba hivyo. Maji, tangawizi, majani ya kitunguu. Moja moja. Nikazitandaza kwenye chekecheke juu ya kizingiti cha dirisha, kwa sababu barafu nilikuwa nimeimaliza asubuhi na ndani ya friji Mama Furaha alikuwa ameshapanga soda za wageni. Nikasema nitatafuta nafasi baadaye. Nikakaanga ufuta, nikautwanga kwenye kinu kidogo, sosi ya soya, siki, sukari kidogo. Nikakata matango. Nikakumbuka majani ya saladi hayajaoshwa, nikaosha. Nilipoinua macho ilikuwa saa saba na nusu, na dereva ameanza kuangalia saa.

Nikaziokota vile vile kutoka dirishani nikazipanga kwenye sahani. Hazikuwa moto wala hazikuwa baridi. Nilimwendea Bibi Sachiko kichwa chini nikamwambia anisamehe, friji haikupata muda.

Alitia kipande cha kwanza mdomoni. Akatafuna kwa muda mrefu kuliko kipande chenyewe. Akatia cha pili. Kisha akaweka vijiti chini, akageuza uso akaangalia ukuta wa jirani, na nikaona bega lake linapanda na kushuka.

Akasema, "Hii ni yake."

Nilidhani ananifariji, wazee wana tabia hiyo. Nikamwambia imekosa baridi. Akanishangaa. Akasema hukuwahi kuikaribisha nyama ile kwenye friji hata siku moja, uliiacha dirishani ukaenda kukunja nguo, na ukirudi tayari. Akasema yeye alikuwa akikugombeza mwanzoni, kwa sababu mama yake alitumia maji ya barafu, na wewe ulimkatalia mpaka akaonja.

Nikaitoa karatasi mfukoni. Baba akavaa miwani, akaisoma mara moja, akanitazama kwa ule uso wake wa ubaoni. "Hakuandika ipoze," akasema. "Ameandika iache ipoe. Kupoza ni kazi yako wewe, na barafu zako. Kupoa ni kazi ya nyama yenyewe. Kila siku nakwambia vitenzi vya Kiswahili vina mnyambuliko." Miezi miwili, Mama. Miezi miwili mwalimu wa Kiswahili amelala chumba cha pili na mimi nimeficha karatasi mfukoni.

Nilicheka kwanza, halafu nikalia vibaya, kilio ambacho siku ya mazishi kilinigomea. Nikaenda jikoni nikamshika Mama Furaha miguu. Nilimwambia kweli yote: asingekaanga ile ya barafu, ningemwekea Bibi mezani, naye kwa adabu yake angeila, angenishukuru, angeondoka Jumanne, na nisingejua kamwe. Mama Furaha akanifuta uso kwa kitenge na kusema, "Njo nakwambiaka, nyama iko baridi si nyama." Hakuwa ameelewa hata nusu. Tangu siku hiyo anaitembeza habari Bellevue nzima kwamba yeye ndiye aliyeipika.

Tulikula zote mbili. Bibi Sachiko aliomba na ile ya Mama Furaha, akaila kwa ugali, akalamba kidole. Na Baba alinyoosha mkono bila kuangalia mtu, akachukua kipande kimoja kutoka sahani ya nyama yako, akala. Akachukua kingine. Baadaye, sahani ilipokwisha, akaniuliza kama wewe ulikuwa ukiitengeneza hivi hivi, nikamwambia ndiyo. Akasema, "Nilikuwa mjinga." Nilimwacha aseme, sikumkatalia wala sikumkubalia.

Kabla hajaondoka Bibi aliniomba nimwandikie maelezo hayo, ampelekee mkwewe. Nikachukua karatasi safi na nikaandika kwa Kiingereza, mstari kwa mstari, bila shida, mpaka nikafika pale. Nikaandika neno la Kiingereza, nikalifuta, kwa sababu lile lile linatumika kwa friji na kwa dirisha, na ndilo lililonipoteza mimi niliposoma lako kwa kichwa cha Kiingereza. Nikaandika maelezo marefu, nikafuta. Bibi Sachiko akaniambia niandike ulivyoandika wewe, yeye atamwelewesha mkwewe. Basi katikati ya Kiingereza nikaandika kwa herufi kubwa: IACHE IPOE.

Akaichukua karatasi akaisogeza karibu na macho, akaisoma kwa sauti. Mama, ilitoka sauti yako. Ule mvuto wako mdogo kwenye "po", ule wa Mbeya ambao Baba hakufaulu kuurekebisha miaka yote ya ndoa. Bibi wa Kijapani, veranda ya Bellevue, na sauti ni yako kabisa. Alikuwa ameisikia miaka kumi na minne jikoni kwake, akaihifadhi bila kujua.

Hapo ndipo nilipoumia, na nataka ujue. Wewe ulinisemesha kwa Kiswahili tangu tulipofika nchi hii nikiwa na miaka sita, na mimi nilikujibu kwa Kiingereza kila siku ya Mungu. Uliniita kutoka jikoni, nikakujibu kwa lugha ya shule, na hukunigombeza, uliendelea kuniita vile vile. Mgeni ndiye aliyekaa karibu yako akajifunza unavyotamka. Mimi nilikuwa chumba cha pili na milango wazi.

Bibi ameondoka. Karatasi iko naye. Mimi nyama yako sasa naijua kwa ulimi wangu mwenyewe, na Jumapili iliyopita niliipika tena bila msaada wa mtu, nikaiacha dirishani nikaenda kukunja nguo. Nitaipika kila kiangazi. Nikijaliwa mtoto, atasimama kando yangu kwenye sufuria, na nitamsemesha kwa maneno yako, ajibu asijibu.

Kwa leo nakuaga, Mama. Pumzika. Na kama ipo namna yoyote ya kuniita kutoka huko uliko, niite tu kwa jina kama zamani. Safari hii nitaitika abee.

Mwanao,
Tumaini